Uchovu wa Mlezi wa Vijana

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa barazani Mji wa Kale nikingojea kahawa. Akapita kijana mmoja, mtoto wa jirani yetu wa zamani. Ni Mkristo, na kanisani kwao amepewa kazi ya kulea vijana. Akanipa shikamoo, nikamkaribisha kikombe. Nilipomwuliza hali, hakujibu "njema" kama ilivyo desturi.

"Mzee," akasema, "nimechoka, wala si mwili. Nikifungua Biblia herufi naziona, maneno siyaoni."

Usiku wa manane hupigiwa simu na mama ambaye mwanawe amerudia unga. Asubuhi yuko mazikoni. Jumapili asimame mbele ya vijana, aimbe na acheke. Wakubwa wake hathubutu kuwaambia, wasije wakasema imani imempungua.

Kwetu sisi Waislamu maneno haya si mageni. Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume (S.A.W.), alimshitakia Sayyidna Abubakar kuwa amekuwa mnafiki: akiwa mbele ya Mtume moyo wawaka, akirudi kwa mke na watoto wapoa. Abubakar akakiri kuwa hata yeye humpata hayo. Wakaenda wote wawili, na Mtume hakuwakemea; aliwafahamisha kuwa moyo una saa ya hivi na saa ya hivi. Mie hunipendeza zaidi kule kukiri kwa Abubakar, maana lau angalinyamaza, Hanzala angalirudi nyumbani akijiona yu peke yake duniani.

Kijana akasema kwao hajapata kusimuliwa kisa kama hicho. Nikamwambia wapo, tena hapa hapa Mvita. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huo homa ikamwua mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga akafuata. Kaburi liko ng'ambo ya bandari ya kale, upande wa Nyali. Hata hivyo, katika mwaka ule ule wa msiba alikuwa akikitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Mueddin, kadhi. Padri na kadhi juu ya karatasi moja! Mwaka 1853 afya ilipomshinda, Krapf alirudi kwao Ujerumani. Hakuona haya kuondoka, na kazi haikufa: kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Mwenziwe, Rebmann, alifika mwaka 1846 akabaki. Mwaka 1866 mkewe alifariki. Bartle Frere alipofika huko Rabai mwaka 1873, alimkuta mzee aliyekaribia upofu, na waumini wake ni wachache mno. Hakuondoka ila mwaka 1875, baada ya miaka 29, na mwaka uliofuata akafa. Watu humsifu kwa subira, nami simnyimi sifa hiyo. Walakini naona alikaa mno peke yake.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na nyinyi walimu wa chuo mwapumzika lini?"

Swali hilo sikulitazamia. Nilisomea chuoni, na Alhamisi jioni maalimu alikuwa akifunga misahafu, hatumwoni tena hadi Jumamosi. Sisi watoto tukidhani likizo ile ni yetu. Kumbe ilikuwa yake pia! Mlezi wa vijana wa kanisa hana Alhamisi. Siku ya mapumziko ya watu wote ndiyo siku yake ya kazi kubwa.

Nikamwambia ajitafutie Alhamisi yake, na amtafute mtu mzima mmoja wa kanisani kwao wa kumwambia haya aliyoniambia mie.

Amechagua Jumatatu. Jumatatu iliyopita alikuja barazani, simu ameiacha kwao, akanywa vikombe vitatu na habari ya vijana hakuitaja hata mara moja.