Bastola Ndogo, Ufito Mrefu na Nyoka wa Kilambo

Bastola ya nyoka ni bastola nyepesi ambayo mtu anayeshinda porini huiweka kiunoni ili akikutana na nyoka ampige akiwa hatua mbili au tatu mbele yake. Desturi hiyo ni ya Marekani zaidi, kwa wavuvi wa mitoni, wafugaji na wapanda milima. Katika vijiji vya Mtwara Vijijini vinavyopakana na Mto Ruvuma, kutoka Kitaya hadi Kilambo penye kivuko cha kwenda Msumbiji, na kushuka hadi kwenye mikoko ya mlango wa mto, nyoka wapo lakini bastola haimo katika vitu vya mkulima. Anakwenda shambani na jembe, panga na, akiwa mwangalifu, ufito. Kama anakosa kitu cha maana au la, jibu litapatikana kwa kuitazama silaha yenyewe kwanza, kisha nyoka wenyewe.

Kipenyo kinachopendwa na wanaotaka wepesi ni .22, yaani kama milimita 5.6. Bastola yake haichoshi kiuno, hairushi mkono inapofyatuliwa, na risasi zake ni za bei nafuu. Hata hivyo, kumpiga nyoka kwa risasi moja ya .22 ni kamari. Kichwa cha nyoka mwenye sumu kwa kawaida hakizidi sana kiberiti, tena hakitulii. Risasi ikikosa, safari yake haijaisha: inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga jiwe au mzizi mkavu huruka upande ambao hakuna aliyeutarajia. Katika shamba ambalo mke, watoto na jirani wanaokota korosho chini ya miti ileile, hilo peke yake linatosha kumfanya mtu arudishe silaha kiunoni.

Kwa sababu hiyo viwanda hutengeneza maganda maalumu ambayo badala ya kipande kimoja yana marisau madogo sana, punje zenye kipenyo cha milimita 1.3 hivi. Ganda la .22 hubeba kama gramu 2 za punje hizo. La .38 hubeba gramu 6 na ushei. Zipo pia bastola zinazokubali ganda la bunduki ndogo ya marisau ya .410, mfano Judge ya kampuni ya Taurus ya Brazil, ambazo hurusha gramu 14 hivi kwa mkupuo. Hizo ni kubwa na nzito, na anayezichagua ameshauacha ule wepesi alioutafuta mwanzoni.

Marisau nayo yana kasoro yake. Ndani ya mtutu wa bastola mna mifereji ya kuizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Punje zikizungushwa hivyo, zinapotoka hutawanyika upesi na mara nyingi huacha uwazi katikati. Kwenye mita 2 bado zimeshikana. Kwenye mita 5 punje za .22 zimeachana kiasi kwamba nyoka anaweza kupatwa na mbili tatu tu, zikamjeruhi bila kumwangusha. Wanaoijua silaha hii huihesabu kuwa ya mita 3 au chini yake. Aina ya bastola pia ina uzito wake katika uchaguzi. Yenye silinda inayozunguka hufyatua ganda lolote linaloingia ndani yake. Yenye magazini hutegemea nguvu ya mlipuo ili ijipakie upya, na maganda ya marisau mara nyingi hayana nguvu hiyo, au ncha zake za plastiki hukwama njiani. Anayenunua kwa ajili ya nyoka, basi, huishia kwenye silinda.

Mita 3 ndiyo namba ya kukumbukwa katika habari hii yote.

Huko Marekani namba hiyo ina mantiki yake. Nyoka anayeogopwa zaidi mashambani kule ana njuga mkiani. Akikaribiwa hujikunja chini, huitikisa njuga na kubaki palepale. Mtu husikia, husimama, humtafuta kwa macho, kisha huamua. Silaha ya mita 3 inapata nafasi kwa sababu nyoka mwenyewe ameitoa nafasi hiyo.

Nyoka wa Ruvuma hawafuati utaratibu huo. Aumaye mara nyingi katika savana na mashamba ya Afrika ni kifutu, mnene, mfupi, kwa kawaida hafiki mita moja. Kinga yake ni kutoonekana. Ngozi yake ina mistari ya kahawia, nyeusi na ya rangi ya majani makavu, na chini ya mkorosho mwezi Oktoba, mabibo yanapoanza kuanguka, anaweza kulala hapo asubuhi nzima bila kujitikisa hata mguu ukipita kiganja kimoja kutoka kichwani. Baadhi yao hupuliza kwa sauti nzito wakichokozwa, lakini wengi hunyamaza mpaka wakanyagwe. Ukimwona kifutu mapema, huna haja ya bastola, maana hakimbii wala hafuati mtu, unamzunguka tu. Usipomwona, bastola iko kiunoni na meno yake yako mguuni. Katika hali zote mbili silaha haikufanya kazi.

Swila wa hapa, yule mtema mate wa Msumbiji, ni kisa kingine. Urefu wake ni kama mita moja, naye huingia majumbani na mabandani kufuata panya, vyura na vifaranga. Akibanwa hunyanyua shingo, hutanua kidogo na kurusha sumu kuelekea machoni kwa umbali wa mita 2 hadi 3. Hapo ile namba inarudi kwa ubaya. Umbali ambao bastola ya marisau inafaa ndio umbali ambao swila naye anafaa, na yeye hahitaji kufungua mkoba, kuinua mkono wala kulenga kwa jicho moja. Anayejongea ili apige vizuri anajipeleka mahali ambapo kope zitaungua kwanza. Sumu ikiingia machoni, dawa ya papo hapo ni maji safi mengi, kwa dakika 15 au zaidi, bila kusugua, kisha hospitali.

Koboko ni mrefu. Wengi huwa na mita 2 na zaidi, wachache hukaribia 4, na sifa yake ya kumkimbiza mtu kijiji kizima imetiwa chumvi. Mwendo wake wa kasi uliopimwa vizuri ni kilomita 11 kwa saa, na kasi hiyo huitumia kukimbilia shimo lake. Hatari hutokea mtu akiwa kati yake na shimo, au akimjeruhi nusunusu. Koboko aliyepata punje tano za mbavuni bado ana uwezo wa kunyanyua sehemu kubwa ya mwili wake na kuuma mara kadhaa kifuani. Kwa nyoka huyu bastola ndogo si kinga bali ni uchokozi. Ndugu yake wa kijani hukaa juu mitini, katika mikorosho, miembe na minazi ya pwani, na rangi yake ni ileile ya majani. Mara nyingi huonekana anapokuwa ameshaanza kuondoka. Kufyatua silaha kuelekea juu ya mti, kijijini, ni jambo lisilohitaji maelezo marefu.

Hayo ni ya porini. Ya ofisini ni magumu zaidi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haimruhusu mtu kumiliki silaha bila leseni ya polisi, na mwombaji lazima aeleze sababu inayokubalika. Risasi nazo hununuliwa kwa leseni hiyohiyo. Kwa mkulima wa ekari chache, bei ya silaha, safari za mjini na kabati la chuma la kuihifadhia vinazidi faida ya msimu. Na Kilambo si kijiji cha kawaida. Ni mpakani. Tangu Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto imekuwa ikitazamwa kwa jicho la tahadhari, na Oktoba 2020 wapiganaji waliovuka kutoka upande ule walikishambulia kijiji cha Kitaya. Mtu aonekanaye kwenye njia ya mtoni akiwa na bastola kiunoni ana hatari kubwa kuliko nyoka: kudhaniwa kuwa ni mwingine. Kuvuka nayo kwenye kivuko bila kibali cha nchi zote mbili ni kosa la jinai.

Upo mfano mmoja wa kusini wa mtu aliyekuwa na bunduki za kutosha na bado akaziacha kando kwa nyoka. C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyezaliwa 1901, alikuwa askari, kisha jangili wa tembo, kisha kuanzia 1933 afisa wa Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika, mwenye makao yake Liwale. Kazi yake ilikuwa pamoja na kuwapiga simba wala watu. Baadaye alihamia Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, na wenyeji wakamwita Bwana Nyoka. Aliwalipa wanakijiji waliomletea habari kwamba nyoka ameonekana mahali fulani, naye akaenda na vifaa vyake: miti mirefu yenye koleo au kitanzi mwishoni, magunia na masanduku. Kwa njia hiyo alishusha koboko wa kijani kutoka mitini na kuokota vifutu wakubwa wa msituni, wale ambao meno yao hufika sentimita 5, akawapeleka hai kwenye bustani za wanyama na maabara za sumu za nje. Alifariki 1968 na kuzikwa Nandanga, ndani ya pori la Selous alilolipigania.

Ni kweli kwamba yeye aliwataka wakiwa hai, na bastola isingemsaidia. Lakini mbinu yake inaonyesha jambo ambalo wakulima wa huku walishalijua: kwa nyoka, kinachomlinda mtu ni urefu wa kile alichoshika na uangalifu wa macho yake. Nyoka wengi wakiruka kuuma hawafiki nusu ya urefu wa mwili wao. Ufito wa mita 2 na nusu humweka mtu nje ya kifutu yeyote wa Mtwara. Panga, ambalo ndilo linalokamatwa kwanza kwa pupa, halina hata mita moja, na anayelitumia lazima ainame; wengi walioumwa mkononi waliumwa wakati wa kuua. Ufito uwe mwembamba na wenye kunesa, ili ukipigwa chini ulale wote juu ya ardhi. Gogo nene hugusa mahali pamoja tu na kumkosa. Dhidi ya swila ufito pekee hautoshi. Miwani yoyote, hata ya jua ya mnadani, inazuia sehemu kubwa ya sumu ile, na kurudi nyuma hatua tano kunazuia yote.

Kazi kubwa zaidi hufanywa kabla nyoka hajaonekana. Mwenye mikorosho hupalilia na kufagia chini ya miti kabla ya msimu ili korosho zinazoanguka zionekane. Usafi huohuo humnyima kifutu mahali pa kujificha. Panapobaki majani, hupinduliwa kwa kijiti kwanza, mkono baadaye. Mashambani na kwenye mabonde ya mpunga, mabuti ya mpira yanayofika chini ya goti ni silaha bora kuliko bastola yoyote, kwa kuwa sehemu kubwa ya kuumwa hutokea kwenye unyayo, kifundo na muundi. Bei yake ni ndogo, lawama yake ni joto, na joto la Mtwara si la kupuuza. Hata hivyo, kati ya jasho na kifutu, uamuzi si mgumu. Usiku ni kurunzi, kila safari, hata ya chooni. Ndani ya nyumba ni chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, ambacho hugawiwa kwa ajili ya malaria na humzuia pia nyoka aliyefuata panya. Mabanda ya kuku na magunia ya nafaka yakae mbali na kitanda, maana panya ndiye anayemwalika mgeni.

Nyoka akiuawa, kichwa chake kisishikwe. Hata kikikatwa kinaweza kuuma kwa muda mrefu, na sumu ni ileile. Kizikwe kwa kusukumwa na jembe.

Na mtu akiumwa, kumfukuza nyoka ili auawe na kupelekwa hospitali ni kupoteza dakika na kutafuta majeruhi wa pili. Picha ya simu inatosha, ikipatikana bila kusogea. Isipopatikana, daktari hutibu kwa dalili. Mgonjwa alazwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, wala kamba isikazwe, hasa kwa kifutu, ambaye sumu yake huozesha nyama na kamba huzidisha uharibifu huo. Kwa koboko na ndugu yake wa kijani sumu hupooza pumzi, na saa chache zinaweza kuwa nyingi mno. Usafiri wa Mtwara mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Ligula, utafutwe mara moja, siyo baada ya mganga. Dawa ya kuzuia sumu iliyotengenezwa Afrika Kusini kwa nyoka wengi kwa pamoja inawahusu kifutu, swila mtema mate, koboko na ndugu yake wa kijani. Kila mwaka, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, wengi wao wakulima wa vijijini waliochelewa kuifikia dawa hiyo. Pikipiki yenye mafuta na namba ya dereva anayepokea simu usiku ni vitu ambavyo kaya ya Kilambo inaweza kuviandaa kabla ya msimu wa korosho, kwa gharama ndogo mno kuliko ya leseni ya silaha.