Hati zetu zisomwe na wengi, tena kwa majina yao

Mazungumzo mengi kuhusu nafasi ya tarakilishi na mtandao wa intaneti katika ufundishaji wa Kiswahili hukomea penye kasi. Tunaambiwa kwamba mwanafunzi atapata maana ya neno upesi, atapata kitabu upesi na atamaliza tasnifu yake upesi. Sikatai kwamba wepesi huo una manufaa. Lakini kwa sisi tunaoshughulika na lugha na fasihi, kasi siyo neema kubwa ya vyombo hivi. Neema kubwa ni kwamba vinawawezesha watu wengi kuisoma hati moja, kila mmoja akiwa kwake, na kuweka wazi nani alisema nini na kwa sababu gani. Neema hii bado hatujaitumia ipasavyo.

Hebu tuzitazame hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadhi yazo zimo majumbani mwa watu wa Lamu, Pate na Siyu. Mkusanyiko mmoja mkubwa umo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake iliyotayarishwa na J.W.T. Allen ilichapishwa mwaka 1970. Nyingine zimehifadhiwa Ujerumani, na nyingine London katika chuo cha SOAS. Zamani, mwanafunzi wa Kenya aliyetaka kuziona hizo za London alihitaji nauli ya ndege. Leo picha za baadhi ya kurasa hizo zimo mtandaoni, na aliyeko Garissa anaweza kuzitazama sawa na aliyeko Uingereza.

Ushirikiano wenyewe si jambo geni. Mwishoni mwa karne ya 19, mmisionari W.E. Taylor alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kule Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Baadaye, Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu alinakili tenzi kwa mkono wake na kuwapelekea wataalamu wa Ulaya, William Hichens akiwa mmoja wao. Hata hivyo, Diwani ya Muyaka ilipochapishwa Johannesburg mwaka 1940, jina la mhariri lilikuwa la Hichens. Watafiti wanamjua Sikujua na wanamjua Kijumwa. Je, ni wanafunzi wangapi wa shule zetu za upili wanaowajua?

Basi iwapo hati zinarejea kwetu kwa njia ya picha, kazi iliyobaki ni ya nani? Picha ya ukurasa si ukurasa uliosomwa. Herufi za Kiarabu hazikuundwa kwa ajili ya sauti za Kiswahili, na katika hati nyingi za zamani herufi moja hubeba mizigo kadhaa. Herufi ya "b" yaweza kusimama badala ya "p", au "mb". Neno lile lile basi laweza kusomwa "bata", ndege wa kufugwa. Au "pata", kitenzi. Au "mbata", nazi iliyokauka ndani ya kifuu chake. Alama moja ya irabu huwa ni "i" au "e", na nyingine "u" au "o". Anayeamua ni msomaji anayejua mizani ya ubeti, lahaja ya mtungaji na mambo ya pwani. Mara nyingi wasomaji wawili hodari hufikia maamuzi mawili tofauti.

Hapo ndipo mtandao unapotufaa. Katika kitabu kilichochapishwa, mhariri huchagua neno moja, na mara nyingi mabishano yaliyotangulia hayaonekani. Katika waraka wa pamoja wa mtandaoni, "pata" na "mbata" huweza kukaa bega kwa bega, kila moja na jina la aliyeipendekeza na hoja yake. Atakayekuja baada ya miaka 20 atauona uamuzi, na ataiona pia njia iliyofuatwa kuufikia.

Njia ninayopendekeza kwa walimu ni nyepesi. Chukua ukurasa mmoja tu. Gawa darasa katika makundi ya watu watano. Kila mwanafunzi aandike usomaji wake kabla ya kuona wa wenzake, kisha wote wakutane katika waraka mmoja na kuteteana kwa hoja. Mwanafunzi aliyepitia madrasa ya Lamu au Isiolo atazitambua herufi. Mwenzake wa Bungoma, ambaye lugha yake ya nyumbani pia ni ya Kibantu, atauona mzizi wa kitenzi na upatanisho wa ngeli. Hakuna anayeweza kuimaliza kazi peke yake, na huo ndio usomi. Gharama nayo si ya kutisha: picha moja ikishapakuliwa yaweza kuchapishwa na kunakiliwa, na simu moja yatosha kulituma jibu la kundi zima.

Wapo watakaosema kwamba programu za akili unde zitatufanyia haya yote. Programu hujifunza kutokana na kile ilichopewa. Mkusanyiko wa matini za Kiswahili wa Helsinki, nchini Finland, una maneno yapata milioni 25, na umewafaa sana wanaisimu. Lakini nyingi ya matini hizo ni Kiswahili sanifu cha Tanzania cha magazeti, vitabu na mijadala ya Bunge. Mwanafunzi asipolikuta humo neno la Kiamu au la Kitikuu, asikate kauli kwamba halipo. Lilikosa tu mtu wa kulinakili. Tukikaa kimya, mitambo itakuja kuwafundisha wajukuu wetu Kiswahili kisicho na sauti ya Lamu wala Pate, nasi hatutakuwa na wa kumlaumu. Usiache mbachao kwa msala upitao: ujuzi wa kusoma kwa macho na kwa fikira ndio utakaoilisha hiyo mitambo.

Jambo jingine ni la adabu. Hati iliyo sandukuni mwa familia haipigwi picha na kutandazwa mbele ya ulimwengu bila idhini. Familia iombwe, ielezwe matumizi, ipewe nakala, na jina lake liandikwe ikiwa imeridhia. Tusiwafanyie wazee wetu yale tunayowalaumu wageni kwa kuyafanya.

Idara zetu za vyuo vikuu nazo zinapaswa kuuhesabu unukuzi wa hati kuwa kazi ya kitaaluma wakati wa kumpandisha mhadhiri cheo, wala si makala ya jarida pekee. Na wewe mwanafunzi, ukishausoma ubeti na kuutetea usomaji wako, tia jina lako chini yake. Sikujua na Kijumwa walifanya kazi kubwa zaidi ya hiyo, na imewabidi watafiti waje kuwatafuta nyuma ya majina ya wengine.