Fahamu: Kombora la kuongozwa linaporushwa bila kufunga shabaha

Katika MechWarrior Online, mchezo wa kompyuta wa kampuni ya Piranha Games ya Kanada uliotolewa mwaka 2013, ambamo rubani huendesha roboti kubwa la vita akiwa ndani yake, kufunga shabaha ni kumwelekezea adui alama ya kulengea hadi mitambo imshike, na kuanzia hapo kombora hujirekebisha lenyewe njiani likimfuata. Makombora ya masafa marefu, hata hivyo, hukubali kurushwa bila hatua hiyo, na yakirushwa hivyo huenda pale alama ilipoelekezwa, adui awepo au asiwepo; yale yaitwayo Streak hayatoki kabisa.

Kurusha bila kufunga shabaha hufaa pale adui anapobeba kifaa cha kuvuruga rada, au anaposimama mahali pamoja. Kwa anayekimbia, mrushaji hana budi kukadiria atakapofika, kama afanyavyo mwindaji wa Kihadzabe wa Mkalama, mkoani Singida, ambaye mshale wake ukishatoka haupindi tena.

Vitani kwenyewe, upungufu wa usahihi wa silaha zisizoongozwa hufidiwa kwa wingi: katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tanzania ilitumia mizinga ya BM-21, yenye mirija 40 ya roketi za milimita 122 zisizoongozwa, ambayo kazi yake ni kufunika eneo zima, wala si kumtafuta adui mmoja. Mchezoni pia, mwenye mirija michache hupoteza makombora yake bure.