Ndafu ya Mwalimu

Mdogo wangu wa kiume alitaka Masaki. Alikuwa ameshatupia picha kwenye kundi la WhatsApp la familia: meza zenye vitambaa vyeupe, bahari kwa nyuma, sahani pana yenye chakula kiduchu katikati. Mama anastaafu, alisema, tumfanyie kitu cha maana. Mimi nikang'ang'ania Tabata, kwenye mgahawa wa mtaani kwetu wenye vibanda vya makuti, bembea za watoto na jiko la mkaa lisilopoa Jumamosi wala Jumapili. Tukavutana mpaka baba mdogo akaingilia kati.

Hoja yangu ilikuwa rahisi. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na akifika 60 ni lazima aondoke. Mama alisubiri mpaka siku ya lazima, na karibu utumishi wake wote ameufanya kwenye shule za msingi za hapahapa. Masaki hajulikani na mtu. Tabata, kuanzia mlinzi wa getini mpaka dada wa kaunta, ni "Shikamoo, Mwalimu." Ukimpeleka mtu wa namna hiyo hotelini atakaa kwa adabu kama mgeni, atauliza bei ya soda, na akishaambiwa ataomba maji. Sherehe ya mzee nadhani ifanyikie pale anaposalimiwa kwa jina. Picha zitapatikana tu.

Basi nikapewa uenyekiti, na hapo ndipo nilipojua kwamba kuwalisha ukoo mgahawani kuna mambo yake.

La kwanza ni tarehe. Kabla hujamuuliza meneja kama ana nafasi, tazama ratiba ya ligi. Siku ya Simba na Yanga usithubutu. Runinga zote zitakuwa juu, wahudumu wenyewe watakuwa wanaangalia mpira, na hotuba ya shangazi itakatwa na goli. Tulichagua Jumapili isiyo na mechi kubwa, baada ya ibada.

La pili ni la jiko, na hili wengi hulisahau. Ukoo wetu ni mchanganyiko. Sisi ni watu wa Kibosho, Wakatoliki; mama mkwe wangu ni Mwislamu wa Pangani. Migahawa mingi ya nyama choma Dar inachoma na kitimoto, na pengine nyama zote zinapita kwenye wavu mmoja, kisu kimoja na ubao mmoja. Usiulize "mna mbuzi?" Uliza mbuzi amechinjwa na nani, na kitimoto inachomewa wapi. Pale kwetu hawapiki kabisa kitimoto, na mchinjaji ni Mwislamu. Nilikwenda kuona kwa macho yangu, kisha nikampigia mama mkwe. "Mwanangu," akasema, "mimi ningekuja hata kwa chai ya rangi." Lakini nilimsikia alivyoshusha pumzi. Vinywaji vikali tukavipangia kibanda cha mwisho, huko walikokwenda wajomba bila kushurutishwa.

Sasa ndafu. Kwa Wachaga sherehe isiyo na ndafu ni kikao tu, na siku hizi hata wasio Wachaga wanaiagiza kwenye harusi na kipaimara. Ni mbuzi mzima, anayebanikwa akiwa na kichwa chake, akasimamishwa kwenye sinia kubwa na majani mabichi kinywani. Anayefaa ni dume aliyehasiwa na kunona, kwa kuwa nyama yake haina ile harufu kali ya beberu. Hupakwa chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, kisha akageuzwa taratibu juu ya mkaa usio na moto wa kuruka. Hiyo ni kazi ya saa nyingi. Kwa hiyo ndafu haiagizwi ukiwa umeshakaa mezani. Sisi tuliagiza siku tatu kabla na kutanguliza nusu ya malipo.

Nyama ya ziada tuliagiza kwa kilo, na hapa kuna hesabu ya kukumbuka: kilo inapimwa mbichi. Nyama ikichomwa hutoa maji na mafuta, ikapungua robo hivi, wakati mwingine hata theluthi, na ndani yake mna mifupa. Anayeagiza kilo mbili kwa watu wanane atawaona wanatazamana. Nenda mwenyewe buchani pale pale, chagua mbavu au paja, simama mbele ya mizani. Hakuna atakayekushangaa.

Kadi tuliandika saa saba mchana tukijua watu watafika saa tisa. Jikoni tuliwaambia saa tisa. Sioni aibu kuwadanganya ndugu zangu. Mpishi ndiye hadanganywi.

Mchoma nyama wa pale ni kijana mwembamba, huvaa buti za mvua hata kiangazi. Nilisimama karibu naye alipokuwa anakata mbavu za wale waliokuja na njaa. Hatumii nguvu. Panga analiinua kidogo tu, analiachia lishuke lenyewe kwenye kiungo, tak, tak, vipande vinatoka sawasawa bila mfupa kuvunjika vipande vipande. Akimaliza anausukuma mlima wa nyama upande mmoja wa ubao, anamwaga chumvi kwenye kona, anaweka ndimu iliyokatwa na pilipili mbuzi mbili nzima, na ubao unakwenda mezani kama ulivyo. Kachumbari na ndizi za kuchoma vinafuata kwenye sahani. Uma uliletwa mmoja, kwa heshima ya mkwe wetu wa Kijerumani, naye akautumia kukunia mgongo wa mtoto.

Kabla ya hapo dada mhudumu alipita na birika la maji ya uvuguvugu, beseni na sabuni, akaanzia kwa bibi. Mama alipofikiwa alimshika yule binti mkono. "Wewe si Zuhura wa darasa la nne B?" Ndiye. Maji yakaendelea kumwagika kwenye beseni huku wanaulizana habari za wenzake.

Ndafu ilipoingia kwa muziki, mpishi akiwa na kofia ndefu anacheza nyuma yake, mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alikata kipande cha kwanza akamlisha mama mkwe wangu. Baada ya hapo mjomba akashika kisu. Uchagani mbuzi hagawiwi ovyo, kila kiungo kina mwenyewe, na mjomba aligawa kana kwamba tuko kihambani. Shangazi na mama mdogo wakagombea kidari. Waliokuwa meza za jirani wakaacha kula ili wasikilize kesi.

Kuhusu fedha, ushauri wangu ni mmoja: mtu mmoja ashike mfuko, na vinywaji viwe na kikomo kinachojulikana. Michango tulikusanya kwa simu kabla ya siku yenyewe. Tulitangaza kreti za familia. Zikiisha, kila mtu na mfuko wake. Chupa tupu zisiondolewe mezani mpaka bili ihakikiwe. Dai risiti ya mashine, ulipe kwa Lipa Namba ili kumbukumbu ibaki. Mdogo wangu, yule wa Masaki, alilipia mpiga picha bila kuombwa. Kuna mjomba aliyetaka kuzungumzia kiinua mgongo cha mama na shamba fulani la Bagamoyo. Tukamwongeza ndizi.

Mabaki nayo yapangwe mapema. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na mgahawa wa mtaani hauna vyombo vya kumtosha kila shangazi. Mama alikuwa amekuja na mabakuli yake ya mifuniko, ameyaficha kwenye pochi kubwa tangu kanisani. Alijaza matatu, akamkabidhi mama mkwe wangu moja, kisha akaingia jikoni kudai kichwa na mifupa kwa ajili ya supu ya asubuhi. Mpishi alijaribu kueleza kwamba kichwa kwa kawaida hubaki kwa wapishi. Alikuwa hajui anabishana na nani.