Eka Tatu Zisigeuke Viwanja

Mwezi wa Novemba mwaka 1965, kule Dole, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume aliwakabidhi wakulima wa mwanzo eka zao tatu tatu. Ardhi ilikuwa imeshatangazwa kuwa mali ya Serikali tangu Machi 1964, na katika miaka iliyofuata kaya zaidi ya 20,000 za Unguja na Pemba zilipata mgao huo. Wengi wao kabla ya Mapinduzi walikaa katika mashamba ya watu, wakipalilia mikarafuu ya mwenye shamba ili nao waachiwe kupanda muhogo chini yake. Na katika zogo la siasa la mwishoni mwa miaka ya hamsini, wako walioondoshwa kwa neno moja tu. Kwa watu hao eka tatu zilikuwa ni heshima kabla ya kuwa mali.

Leo eka hizo zinatoweka machoni mwetu, na hapana amri yoyote iliyozifuta. Zinakatwa vipande kwa mirathi, kisha vipande vinauzwa kuwa viwanja.

Hebu na tufanye hesabu. Mzee aliyepewa eka 3 akafariki akaacha mke, wana watatu wa kiume na binti mmoja, basi mjane hupata thumuni, na kila mwana wa kiume hupata robo tatu ya eka. Mwana huyo naye akiacha aila kama hiyo, mwanawe wa kiume atapata chini ya robo eka. Huyo atapanda nini? Anapotokea mnunuzi kutoka mjini na fedha mkononi, hatumshangai akiuza.

Masharti ya mgao yalimkataza aliyepewa kuuza. Nia ilikuwa njema: mashamba yasirejee mikononi mwa wachache. Lakini katazo peke yake halikumpa mkulima uhakika. Mara nyingi hati, pale ilipokuwapo, imebaki na jina la marehemu, na warithi wanalima kwa kuaminiana tu. Mauzo nayo hupita kwa karatasi iliyoandikwa barazani, ambayo kesho haitamkinga aliyeuza wala aliyenunua. Mkarafuu unataka miaka sita au zaidi hata uzae, kisha huzaa kwa miongo mingi. Nani atauotesha asiyejua shamba litakuwa la nani?

Wala tusimtwike mkulima lawama zote. Katika miaka ya sabini Serikali, iliyokuwa mnunuzi pekee wa karafuu, ilimpa mkulima sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Katika miaka ya themanini Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ikaanza kujitosheleza kwa karafuu zake, na bei ikaporomoka. Mikarafuu ikazeeka bila ya kupandwa mingine, na shamba lisilo na tija huuzwa kwa wepesi.

Twajua pia kwamba watu wanahitaji pa kukaa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu kiasi cha watu 350,000 katika Visiwa hivi. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Visiwa havikuongezeka hata shubiri moja. Ndiyo maana nyumba zielekezwe kwenye uwanda na maweni, na udongo wenye kina uachiwe jembe. Udongo huo ukishafunikwa kwa saruji haurudi.

Sheria ya Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 iliiacha ardhi kuwa ya umma chini ya dhamana ya Rais, na ikamtambulia mwananchi haki ya kuitumia na kuirithisha. Msingi upo. Linalotakiwa ni kazi ya mashambani: wakuu wa ardhi, pamoja na masheha, wapite eka kwa eka, waandike nani analima na nani ni warithi, na majina ya mabinti na wajane yasirukwe. Ada iwe ndogo, na mkulima asiitwe mjini mara kumi kwa saini moja.

Kwa ndugu zetu wenye mashamba tuna neno moja. Mirathi hugawa haki ya kila mtu. Haiwalazimishi watu kuchimba mipaka. Aila inaweza kuliacha shamba likawa moja, likasimamiwa na mmoja wao, na kila msimu mavuno yakagawiwa kwa mafungu yale yale aliyoyaamuru Mwenyezi Mungu. Wako wanaofanya hivyo, na mikarafuu yao imesimama.

Mababa zetu walipewa eka tatu ili wasiwe tena wageni katika ardhi wanayoilima. Wajukuu wao wasije wakarejea kuomba mahali pa kupanda muhogo.