Dinkinesh na Selam: Mawe ya Mbinguni Katika Daftari la Mtoto



Mwezi uliopita, baada ya darsa ya akina mama, dada mmoja alibaki nyuma akanionyesha daftari la bintiye. Mtoto alikuwa amechora mawe matatu, moja kubwa na mawili madogo yaliyoshikana, na chini yake ameandika Dinkinesh na Selam. "Sheikh," akaniambia, "nasikia majina haya ni ya mifupa ya wale wanaodaiwa kuwa ndio asili ya binadamu. Nimwache asome, au nilichane?"

Baina ya Mirihi na Mshtarii kuna ukanda wa mawe mengi mno yanayolizunguka jua, kila moja katika njia yake. Wanaosoma Suratu Yasin wanalijua neno falak, ndilo lililotupa elimu ya falaki, ijapokuwa wako walioigeuza kuwa ya kupigia ramli, nami hilo silikubali. Dinkinesh limo katika ukingo wa ndani wa ukanda huo. Liligunduliwa mwaka 1999, na kwa miaka mingi halikuwa ila nukta ya mwanga yenye nambari. Upana wake haufiki mita 800, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Tarehe 1 Novemba 2023 chombo cha Marekani kiitwacho Lucy kilipita kando yake kwa umbali wa kilomita 430 hivi, kama kutoka Mombasa hadi Nairobi, kikienda kilomita 4.5 kwa kila sekunde. Hakikutumwa kwa ajili yake. Kilikuwa safarini kwenda kwenye mawe yanayofuatana na Mshtarii, na hili liliongezwa ili kujaribu mitambo ya kuandama shabaha. Picha za kwanza zikaonyesha kuwa jiwe lina mwezi wake mdogo, na habari ikatangazwa. Kisha zikaja picha zilizopigwa chombo kilipokwisha kupita na kutazama kutoka upande mwingine: mwezi ule ni mawe mawili yaliyogusana, kila moja likiwa na upana wa mita 200 na kitu. Mwanzoni moja lilijificha nyuma ya mwenziwe. Sisi tunaogombana kila mwaka juu ya mwezi mwandamo, na tuitie habari hii moyoni.

Ajabu zaidi ni namna mwezi huo ulivyopatikana. Mwanga wa jua, ambao hatuusikii uzito wake mkononi, hulisukuma jiwe dogo kama hili kidogo kidogo kwa dahari hadi likazunguka upesi. Leo lamaliza mzunguko wake kwa muda usiotimia saa 4. Wataalamu wanaona kuwa kasi hiyo ndiyo iliyorusha mawe na kokoto zake. Baadhi zikarudi kuanguka kiunoni mwake zikafanya tuta, na nyingine zikakusanyika zikawa Selam, kilomita 3 hivi kutoka kwake. Subhanallah.

Ama majina, ni ya Kiamhari. Dinkinesh maana yake ni "wewe ni wa ajabu", jina la Kihabeshi la mifupa iliyofukuliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, ambayo wageni waliiita Lucy. Selam ni jina la mifupa ya mtoto iliyopatikana Dikika mwaka 2000, na maana yake ni amani. Mzizi wake ni mmoja na wa salamu tunayopeana milangoni.

Nikamwambia yule dada: juu ya Adamu, alayhi salaam, tunayo itikadi yetu, na mtoto aipate kwako kabla hajasikia ya wengine. Lakini jina si itikadi, na aliyelipa jiwe jina siye aliyeliumba. Ukilichana daftari, atajifunza kwamba dini yake inaogopa jiwe.

Hakuridhika papo hapo. "Na akiniuliza nisiyoyajua?" Nikamwambia amlete.

Alimleta Alhamisi iliyofuata. Binti hakuniuliza habari ya mifupa. Aliuliza Lucy sasa kinakwenda wapi. Nikamjibu kwamba chatarajiwa kuyafikia mawe ya Mshtarii mwaka 2027, naye akaanza kuhesabu kwa vidole umri atakaokuwa nao.