Tukifungasha programu, tumfikirie atakayebaki nayo



Katika zahanati na vituo vya afya vya eneo la Buigiri, kama kwingineko Tanzania, wahudumu hujaza vitabu vya MTUHA na kujumlisha takwimu kila mwezi. Tangu mwaka 2013 majumuisho hayo huingizwa katika DHIS2 nchi nzima. Huu ni mfumo wa tovuti usio na ada ya leseni, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway.

Seva ya taifa iko chini ya Wizara ya Afya, lakini shirika lolote linaweza kusimika DHIS2 yake kwa ajili ya miradi. Hapo ndipo huja ombi: "Tuongezeeni ukurasa wa kufuatilia dawa." Je, nyongeza hiyo tuifungashe na kuifikisha kwenye seva kwa njia gani? Ziko tatu.

1. Mpangilio bila msimbo. Fomu, viashiria na dashibodi hutengenezwa ndani ya mfumo wenyewe, kisha huhamishwa kwa faili la JSON kutoka seva ya majaribio hadi seva ya kazi. Mahitaji mengi huishia hapa. Tuanze na njia hii.

2. Programu ya nyongeza. Ikihitajika skrini ya pekee, huandikwa kwa HTML na JavaScript. Zana ya bure iitwayo d2-app-scripts huifungasha kuwa faili moja la zip, ambalo laweza kubebwa hata kwa flashi. Msimamizi hulipakia kupitia ukurasa wa usimamizi wa programu. Ikileta shida huondolewa, na takwimu za vituo hubaki salama.

3. Kubadili DHIS2 yenyewe. Msimbo uko wazi, hivyo inawezekana. Lakini kila toleo jipya likitoka, kazi hurudiwa. Fundi akiwa ameondoka, shirika hukwama kwenye toleo la zamani lisilopata tena marekebisho ya usalama. Tuiepuke.

Kabla ya kuchagua tujiulize:

- Mradi ukiisha, nani atasimika toleo jipya?
- Msimbo umehifadhiwa na shirika, au umo kwenye kompyuta ya fundi?
- Ipo seva ya majaribio na nakala ya akiba?
- Maelekezo yameandikwa kwa Kiswahili anachokielewa karani wa takwimu?

Zana bora si ile yenye mambo mengi. Ni ile inayotenganisha nyongeza yetu na mfumo mkuu, ili kimoja kikibadilika kingine kisivunjike. Taarifa ya mwezi isipofika, wanaopanga dawa na chanjo hubaki kubahatisha, na anayeumia ni mama aliyetembea na mtoto hadi zahanati. Basi tusikubali kupokea programu yoyote mpaka mtumishi wetu mwenyewe ameisimika, ameiondoa na kuisimika tena, fundi akiwa anatazama tu.